Risasi mlangoni usiku: mwenye nyumba ana bunduki, polisi amepiga, nani anajibu?

Kila mara tunapofungua simu kwa wasikilizaji kwenye kipindi cha usalama, swali moja linarudi. Linatoka Baraka mjini, linatoka Fizi-centre, linatoka Mboko na Lulimba. Watu wamekuja usiku wa manane, wamegonga, wamesema "fungua, ni polisi". Mwenye nyumba ana silaha chini ya kitanda kwa sababu ya wezi. Akifungua na silaha mkononi, anaweza kufa. Akifungua bila silaha na kumbe ni majambazi waliovaa mavazi ya polisi, anaweza kufa pia. Na kama risasi imelia na mtu amelala chini, nani anabeba mzigo huo: aliyepiga, aliyemtuma, aliyetoa habari ya uongo, Serikali, au marehemu mwenyewe kwa sababu alikuwa na bunduki?

Makala hii inajaribu kujibu kwa kufuata sheria ya nchi yetu na mambo ambayo yamekwisha kutokea, hapa Fizi na kwingine. Tunaiweka hapa kwenye ukurasa ili mtu aweze kurudia kuisoma, maana redioni maneno yanapita haraka.

Kwa nini nyumba nyingi zina silaha

Huwezi kuongea juu ya silaha za Fizi kama vile zimeletwa jana. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika huku. Mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kuweka kambi yake Kibamba, kando ya Tanganyika, mpaka alipoondoka mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule. Laurent-Désiré Kabila aliunda chama chake cha PRP mwaka 1967 na akakaa na wapiganaji wake katika milima yetu ya Hewa Bora kwa miaka mingi. Halafu ikaja vita ya 1996, ikaja ile ya 1998. Kati ya mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 1998 na siku za kwanza za 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola. Mtu mzima wa Fizi akisema "sitaki kuuawa kama kuku ndani ya nyumba yangu", hasemi maneno ya hewa. Anakumbuka.

Baada ya hapo makundi yenye silaha hayakuisha. Kila mtu anajua jina la Yakutumba, na anajua kwamba mwezi wa tisa 2017 wapiganaji wake na washirika wao walifika mpaka milangoni mwa Uvira. Milimani, upande wa Minembwe, Itombwe na Bijombo, Wabanyamulenge, Wabembe, Wafuliru na Wanyindu wamechomeana vijiji na kuibiana ng'ombe kwa miaka. Tangu 2023 kuna na sheria ya jeshi la akiba, na neno Wazalendo limeingia katika kila mazungumzo. Matokeo yake ni kwamba bunduki inatembea. Leo iko kwa mpiganaji, kesho iko kwa shemeji yake mwenye duka, keshokutwa kwa kijana anayevizia magari ya wachuuzi kwenye barabara ya Misisi.

Tunasema hivi si kwa kuhalalisha. Tunasema ili mtu wa mbali asidhani kwamba mwenye bunduki ndani ya nyumba Fizi lazima ni mhalifu. Na polisi anayekuja usiku anajua hilo pia, ndiyo sababu naye anakuja akiwa na hofu, kidole kikiwa karibu na kifyatulio. Hofu mbili zinakutana kwenye mlango mmoja wa mbao.

Bunduki ya nyumbani mbele ya sheria

Sheria inayotawala silaha na risasi kwa raia ni ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985. Kwa kifupi inasema raia hawezi kuwa na silaha bila kibali. Silaha za vita, na kalashi ni silaha ya vita, si kitu cha kuombea kibali ili ulinde duka. Katiba ya 2006 nayo, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au mgambo wa binafsi. Kwa hiyo yule baba wa Baraka mwenye kalashi chini ya kitanda anavunja sheria, hata kama hajawahi kumtishia jirani. Akikamatwa, mara nyingi kesi yake inapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi ingawa yeye ni siviri, kwa sababu ya aina ya silaha.

Lakini hapa ndipo watu wengi, na hata maafisa wengine, wanachanganya. Kuwa na silaha bila kibali ni kosa ambalo adhabu yake inatolewa na hakimu. Hakuna sheria ya Kongo inayosema kwamba mtu akiwa na silaha ndani ya nyumba basi polisi anaweza kumpiga risasi. Bunduki iliyoegemezwa ukutani haimtishii mtu. Bunduki iliyoinuliwa na kuelekezwa kwa mtu, hiyo ni habari nyingine. Kati ya hizo mbili ndipo kesi nzima inapokaa, na ndipo wapelelezi wanatakiwa kuuliza maswali yao: silaha ilikuwa wapi, mikono ya marehemu ilikuwa wapi, taa ilikuwepo, nani alisema nini na kwa lugha gani.

Lugha si jambo dogo. Polisi aliyeletwa kutoka mbali anapiga kelele kwa Kilingala. Mama mzee ndani anasikia Kibembe na Kiswahili tu. Anasikia sauti ya askari, hasikii amri.

Nani anaruhusiwa kuingia, na saa ngapi

Kifungu cha 29 cha Katiba kinasema makao ya mtu hayavunjwi. Upekuzi unafanyika tu kwa njia na masharti ya sheria. Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1959 inaweka saa: kwa kawaida upekuzi unafanyika kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku. Nje ya saa hizo inahitajika ruhusa ya hakimu. Kazi hiyo ni ya OPJ, yaani afisa wa upelelezi mwenye sifa na kadi, au ya mwendesha mashtaka mwenyewe. Polisi wa kawaida anaweza kumsindikiza OPJ, hawezi kujituma. Baada ya upekuzi inaandikwa PV, ripoti inayotiwa sahihi, ikitaja kilichochukuliwa.

Kuna hali ya pekee: mtu amekamatwa papo hapo akifanya kosa, au watu wa ndani wanalia kuomba msaada. Hapo polisi hangoji karatasi. Ila "tumesikia ana silaha" si kukamatwa papo hapo. Ni habari, na habari inapelekwa kwa mwendesha mashtaka ili atoe hati.

Tukiwa wakweli, ni mara ngapi msomaji ameona hati hiyo mlangoni kwake? Operesheni nyingi za "bouclage", ile ya kufunga kartie nzima na kupekua nyumba kwa nyumba, zinafanywa na jeshi na polisi pamoja, na chefu wa avenyu au nyumbakumi anaamshwa ili aonyeshe milango. Hapa kuna hatari ambayo haisemwi sana. Nyumbakumi anaonyesha mlango, watu wanakufa nyuma ya mlango huo, na kesho yake familia inamwona yeye kuwa ndiye muuaji. Kisheria, mtu aliyetoa habari kwa nia njema hajibu kwa risasi ya mwingine. Aliyedanganya kwa makusudi, kwa sababu ya ugomvi wa shamba au deni, huyo anaweza kushtakiwa, na ni haki ashtakiwe. Shitaka la uongo limeua watu wengi kuliko tunavyokubali kusema kwenye mikutano.

Polisi anaruhusiwa kupiga lini

Polisi ya Taifa, PNC, inaongozwa na sheria ya msingi namba 11/013 ya tarehe 11 mwezi wa nane 2011. Nguvu inatumika pale tu ambapo ni lazima, kwa mujibu wa sheria na kwa kiasi kinacholingana na hatari. Pamoja na hiyo kuna kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Tuzitaje kwa sababu mawakili wanazitumia mahakamani. Kanuni ya 9 inasema silaha ya moto ni kwa kujilinda au kulinda wengine dhidi ya kifo au jeraha kubwa lililo karibu kutokea. Kanuni ya 10 inasema polisi ajitambulishe na atoe onyo, na ampe mtu muda wa kutii onyo hilo, isipokuwa kama kungoja kunaleta hatari ya kifo.

Huo "muda wa kutii" ndio kiini. Mtu ameamka usingizini. Sekunde tatu hazimtoshi hata kujua mlango uko upande gani.

Na mwenye nyumba je, anaruhusiwa kupiga lini? Kujilinda kunatambuliwa na mahakama zetu, kwa masharti: shambulio liwe lipo sasa hivi, liwe si la haki, liwe dhidi ya mtu, na ulinzi usizidi shambulio. Huwezi kumuua mtu kwa sababu ya mbuzi aliyekwisha kupotea gizani. Na kumpiga polisi anayefanya kazi yake kihalali ni uasi dhidi ya mamlaka, au ni mauaji akifa. Swali gumu ni pale mwenye nyumba alipoamini kwa dhati kwamba waliovunja mlango ni wezi, kwa sababu hawakujitambulisha, hawakuvaa sare, au saa haikuwa ya upekuzi. Hapo hakimu anaangalia imani ile ilikuwa na msingi gani. Katika wilaya yetu, ambako majambazi wanavaa sare za kununua au za kuiba, imani hiyo ina msingi mkubwa kuliko Kinshasa au Lubumbashi. Hayo ni maoni yetu, lakini tungependa kumsikia hakimu anayeweza kuyakataa.

Kesi moja ya Marekani inasaidia kuelewa

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2020, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, polisi waliovaa nguo za kiraia walivunja mlango wa nyumba ya Breonna Taylor baada ya saa sita za usiku. Mchumba wake, Kenneth Walker, alikuwa na bastola yenye kibali. Alisema aliamini ni wezi. Alipiga risasi moja, ikampata polisi mmoja mguuni. Polisi walijibu kwa risasi 32. Breonna, aliyekuwa mfanyakazi wa huduma za dharura za afya mwenye miaka 26, hakuwa na silaha. Alikufa kwenye ukumbi wa nyumba yake.

Angalia jinsi lawama ilivyogawanyika. Walker alishtakiwa kwanza kwa kujaribu kuua polisi, halafu shitaka likafutwa. Mji wa Louisville ulilipa familia dola milioni 12 mwezi wa tisa 2020. Hakuna polisi aliyehukumiwa kwa kifo chenyewe. Lakini wachunguzi wa serikali kuu walirudi nyuma ya mlango, wakauliza: karatasi ya kuingia humo iliandikwaje? Mwaka 2022 polisi mmoja wa upelelezi alikiri kwamba alishiriki kuweka habari za uongo katika ombi la hati ile. Mwingine, Brett Hankison, aliyepiga risasi ovyo kupitia madirisha bila kumpata mtu, alitiwa hatiani mwaka 2024 kwa kuvunja haki za Breonna.

Somo kwa sisi si kwamba Marekani wana haki na sisi hatuna. Huko nako waliopiga hawakujibu kwa kifo. Jambo la kushika ni njia ya kuuliza: risasi ya mlangoni ni tendo la mwisho katika mnyororo. Kabla yake kuna aliyesema uongo, aliyetia sahihi, aliyechagua saa ya usiku, aliyewapa vijana silaha bila kuwafundisha.

Baraka imewahi kuona mkubwa akijibu

Watu husema hapa kwetu mwenye nyota mabegani hahukumiwi. Wanasahau mwezi wa pili 2011.

Siku ya mwaka mpya 2011, Fizi-centre, ugomvi kati ya askari mmoja wa FARDC na raia uliishia kwa risasi. Wakaaji wenye hasira wakamuua askari yule. Jioni na usiku wenzake wakashuka juu ya mji kulipiza: walipiga, waliiba, waliingia majumbani na kubaka wanawake wengi. Wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka yenyewe, kwa mfumo wa mahakama inayotembea, ile tunaita audience foraine. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 mwezi wa pili 2011 Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 ya kifungo kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na askari wengine kadhaa pamoja naye. Mmoja aliachiwa huru, na mwingine aliyeonekana kuwa mtoto alipelekwa kwa mahakama ya watoto.

Kuna mambo mawili katika kesi ile yanayogusa swali letu. Kwanza, kamanda. Hakuna aliyesema kamanda alishika kila mlango wa Fizi kwa mkono wake. Mahakama ilitumia Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, na humo mkubwa anajibu kwa matendo ya watu walio chini yake kama aliyaamuru, au kama alijua, au alipaswa kujua, na hakuzuia wala kuadhibu. Pili, mwanzo wenyewe wa jambo. Askari alipiga raia, raia wakamuua askari, na mji mzima ukalipa. Watu waliomuua yule askari walidhani wanatenda haki. Walichofanya ni mauaji, na kiliwafungulia mlango wale waliotafuta sababu. Kusema hivyo hakupunguzi hata gramu moja ya hatia ya waliobaka. Lakini kila mara umati unapotaka "kumaliza" polisi aliyekosea, tunakumbuka usiku ule.

Kuhusu fidia, hadithi ni chungu. Mahakama iliamuru wahanga walipwe, na Serikali ikiwa ndani ya malipo hayo. Miaka iliyofuata, mashirika ya haki za binadamu yaliendelea kueleza kwamba wanawake wale hawajashika chochote mkononi.

Mnyororo wa wanaojibu

Aliyefyatua risasi anajibu wa kwanza. Polisi wa Kongo hahukumiwi na mahakama za kawaida kwa jambo hili; Katiba, kifungu cha 156, inamweka pamoja na askari chini ya mahakama za kijeshi. Kwa hiyo shitaka haliendi parke ya kawaida, linaenda oditora ya kijeshi. Polisi wa cheo cha chini mpaka kapteni anahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya garnizoni. Kwetu ile iliyo karibu ni Uvira. Kuanzia meja mpaka kanali ni mahakama ya kijeshi ya mkoa. Ndiyo sababu Kibibi hakuhukumiwa na garnizoni.

"Nilitumwa" si jibu kamili. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa haramu. Kuambiwa "nenda ukamkamate" ni amri halali kama hati ipo. Kuambiwa "nenda ukammalize" si halali, na kila polisi anajua tofauti hiyo bila kusoma chuo.

Aliyetuma anajibu naye. Hapa tunapaswa kukumbuka Operesheni Likofi ya Kinshasa, iliyoanza mwezi wa kumi na moja 2013 dhidi ya vijana wa kuluna. Polisi waliofunika nyuso walichukua vijana majumbani usiku, na wengine waliuawa papo hapo mbele ya familia zao. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 51. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti yake mwezi wa kumi 2014, mkurugenzi wake Scott Campbell alifukuzwa nchini. Wale vijana wengi hawakuwa hata na silaha. Jina la kuluna lilitosha, kama vile huku kwetu jina la Mai-Mai linavyotosha.

Serikali inajibu kwa mali. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kifungu cha 258, kinasema anayeleta hasara kwa kosa lake lazima aitengeneze, na kifungu cha 260 kinamfanya bwana ajibu kwa makosa ya mtumishi wake kazini. Polisi akiwa kazini, bwana wake ni Serikali. Familia inaweza kujiunga kwenye kesi ya jinai kama upande wa kiraia, partie civile, na kudai fidia kwa polisi na kwa Serikali pamoja. Kushinda kunawezekana. Kulipwa, tumekwisha kuona.

Mwenye nyumba naye ana sehemu. Kama alipiga kwanza akijua wazi kwamba ni polisi wenye hati, lawama inamrudia yeye kwa sehemu kubwa, na wakili yeyote atakwambia hivyo kabla hujalipa. Kama silaha ilikuwa ya vita, kesi ya familia inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu upande wa polisi utaitumia kumchora marehemu kama mpiganaji. Ugumu huo lakini haufuti kosa la aliyepiga mtu aliyeinua mikono. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja: marehemu alikuwa na silaha haramu, na polisi alimuua bila haki.

Na je, kama waliokuja si polisi bali ni askari wa FARDC, au Wazalendo? Kwa FARDC njia ni ile ile ya oditora ya kijeshi. Kwa Wazalendo mambo yana giza. Aliyeandikishwa kweli katika jeshi la akiba yuko chini ya sheria za jeshi. Aliyejiita tu Mzalendo na kushika silaha ni raia mwenye silaha ya vita, ingawa kwenye barrière ya barabarani hakuna anayekuonyesha kadi.

Risasi ikiwa imekwisha kulia

Familia nyingi zinapoteza kesi katika saa sita za kwanza, kabla ya wakili hata kusikia habari. Wanaosha damu, wanaokota maganda ya risasi na kuyatupa, wanazika mchana ule ule kwa sababu ya joto na desturi. Tunaelewa. Lakini kama inawezekana, mwite daktari kabla ya mazishi, na omba cheti kinachosema risasi iliingia wapi na ilitokea wapi. Risasi ya mgongoni inasema jambo ambalo shahidi kumi hawawezi kulisema. Piga picha kwa simu: mlango, ukuta, sakafu, na sehemu silaha ya marehemu ilipokuwa kama ilikuwepo. Usiisogeze silaha hiyo na usiifiche. Familia iliyoficha bunduki ikigundulika, kila neno lake la kweli baada ya hapo linaonekana uongo. Andika saa. Andika majina ya majirani waliosikia maneno yaliyosemwa mlangoni, na maneno yenyewe kama walivyoyasikia.

Shitaka liandikwe na lipelekwe oditora ya kijeshi, nakala ibaki nyumbani. Polisi wana na ukaguzi wao mkuu, Inspection générale, unaoweza kupokea malalamiko juu ya nidhamu, ila adhabu ya nidhamu si hukumu ya jinai. Polisi kuhamishwa kutoka Baraka kwenda kwingine si haki iliyotendeka. Tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, na mashirika ya kiraia yanaweza kusindikiza. Zamani wengi walikimbilia ofisi za MONUSCO, lakini ujumbe huo ulifunga kazi zake Kivu ya Kusini mwezi wa sita 2024. Na tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, mlango wa mahakama za mkoa umekuwa mbali zaidi kuliko barabara inavyoonyesha.

Kwa polisi wanaotusoma, maana tunajua wapo: kanuni ya 22 ya Havana inataka kila risasi iliyoua au kujeruhi iandikiwe ripoti haraka na ikaguliwe na mamlaka. Komanda anayeandika ripoti hiyo usiku ule ule, na kutaja risasi ngapi zimetoka katika kila bunduki, anamlinda polisi wake aliyetenda vizuri. Asipoandika, yule aliyetenda vizuri na yule muuaji wanafanana machoni pa kartie nzima, na asubuhi umati ukikusanyika mbele ya kituo hautatofautisha.

Kutoka Baraka mpaka Uvira ni zaidi ya kilomita 80 za barabara, na wakati wa mvua mito inakata njia. Mashahidi ni wakulima na wavuvi. Kila safari ya kwenda kusikilizwa ni siku mbili bila shamba, ni nauli, ni chakula, ni barrière. Kesi inaahirishwa mara tatu na mashahidi wanabaki wawili kati ya tisa. Mwaka 2011 mahakama ilikuja Baraka, watu wakakaa mahali pamoja na waliowatenda, wakasema, na ikaisha chini ya wiki mbili. Familia inayoleta shitaka inaweza, kupitia wakili wake, kuomba kesi isikilizwe mahali tendo lilipotokea, na ombi hilo liandikwe tangu barua ya kwanza.